Diski Mpya, Mafaili ya Zamani

(Muziki wa kipindi, sekunde 10. Ushuke taratibu chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Hapa ni Kakuma, na hiki ni kipindi chako cha simu na kompyuta. Uko nyumbani, uko dukani, au uko kwenye foleni ya maji na redio ya simu sikioni, karibu.

Wiki iliyopita tulipata ujumbe wa dada mmoja wa Kalobeyei. Anasoma chuo kwa njia ya mtandao, na laptopu yake ni ya mtumba kama zetu nyingi. Anasema akibonyeza kitufe cha kuwasha, anaweza kuinjika maji ya chai, yakachemka, akanywa, na kompyuta bado inazungusha kile kiduara. Aliipeleka kwa fundi. Akaambiwa diski imechoka, anunue SSD, halafu "tutapiga Windows upya". Alipouliza mafaili yake yatakwenda wapi, fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema baadhi yataokolewa.

Baadhi! Ndani ya laptopu hiyo kuna kazi zake za mihula 2. Kuna vyeti vya shule alivyopiga picha kabla mchwa hawajala karatasi zenyewe. Kuna picha za harusi ya mama yake. Anauliza: hakuna njia nyingine?

Ipo, dada. Na ndiyo mada yetu ya leo: kuichomeka SSD kwa waya wa USB, na kuhamisha diski nzima, Windows na programu na mafaili yote, kutoka ya zamani kwenda mpya. Mafundi huita kukloni diski. Haihitaji intaneti wakati wa kufanya. Inahitaji adapta ya bei ndogo, umeme wa saa chache, na macho yaliyo makini. Hayo macho nitayarudia, maana mimi mwenyewe yalinikosa siku moja, na nililia.

Kwanza tuelewane kwa nini kompyuta hizo ni nzito. Laptopu nyingi za zamani zina hadidiski. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachokimbia juu yake kutafuta kila kipande cha faili. Windows inapowaka hutafuta maelfu ya vipande vidogo vidogo, na kichwa kile hukimbia huku na huko kama mtu mmoja anayegawa chakula kwa kituo kizima. SSD haina kitu kinachozunguka. Ni vipande vya kumbukumbu tu, na kipande chochote kinafikiwa papo hapo. Ndiyo maana laptopu ileile, yenye RAM ileile, ikibadilishiwa diski huwa kama imezaliwa upya. Na kwa barabara zetu na mapikipiki yetu kuna faida nyingine: SSD haiogopi mtikisiko kama hadidiski.

Hapa studioni niko na fundi wa kompyuta kutoka sokoni. Kaka fundi, karibu.

FUNDI: Asante, mdogo wangu. Nawasalimu wasikilizaji wote.

MTANGAZAJI: Umemwaga vitu mezani kama mama anayeuza nyanya. Msikilizaji haoni. Tuelezee kana kwamba ameketi gizani.

FUNDI: Sawa. Hiki cha kwanza ni kibapa cha mstatili, sentimita 10 kwa 7, unene wa milimita 7. Hii ni SSD ya SATA. Umbo lake ni sawa na la hadidiski ya laptopu, kwa hiyo inaingia palepale ilipotoka ile ya zamani. Ukipitisha kidole ukingoni utagusa ndimi mbili zenye meno ya rangi ya dhahabu. Ulimi mrefu wenye meno 15 ni wa umeme, mfupi wenye meno 7 ni wa data. Adapta yake ni waya mfupi, upande mmoja USB, upande mwingine mdomo mpana wa kumeza ndimi zote mbili kwa pamoja. Hii haina mitego mingi. Ikiingia, imeingia.

MTANGAZAJI: Na hiki chembamba?

FUNDI: Hapo ndipo watu wanapoliwa pesa. Hii inaitwa M.2. Upana milimita 22, urefu mara nyingi milimita 80. Karibu upana wa kidole gumba na urefu wa kidole cha kati. Haina ganda, ni kibao kitupu chenye vipande vyeusi juu yake. Sasa, M.2 ni jina la umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna lugha mbili. Kuna M.2 inayosema SATA, ileile ya kile kibapa, na kuna M.2 inayosema NVMe, ambayo ina kasi zaidi sana. Ukizitazama haraka ni mapacha.

MTANGAZAJI: Nitazitofautishaje?

FUNDI: Tazama meno yake. NVMe nyingi zina pengo moja kwenye safu ya meno. M.2 za SATA nyingi zina mapengo mawili. Lakini usiapie pengo, maana ziko NVMe chache zenye mapengo mawili. Soma karatasi iliyobandikwa juu: ikiandika NVMe au PCIe, hiyo ni NVMe. Ikiandika SATA, ni SATA.

MTANGAZAJI: Na nikikosea?

FUNDI: Chukua M.2 ya SATA yenye mapengo mawili, iweke ndani ya kasha la USB la NVMe. Itaingia vizuri. Skrubu itafunga. Taa itawaka. Na kompyuta haitaona kitu chochote. Nimeletewa diski nzima kabisa, mwenyewe anasema ameuziwa mbovu, kumbe kasha ndilo si lake. Mmoja alikuwa amekwisha kugombana na mwenye duka hadi wazee wa bloku wakaitwa.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo ninapoagiza kutoka Nairobi, pale Luthuli, niseme nini?

FUNDI: Usiseme "nataka adapta ya SSD". Sema "nataka kasha la M.2 NVMe kwenda USB", au "waya wa SATA wa inchi 2.5 kwenda USB 3". Yako pia makasha yanayosoma lugha zote mbili, na kwenye boksi huandikwa NVMe na SATA pamoja. Mimi kwa kazi yangu natumia hilo. Na kabla ya kununua diski yenyewe, fungua laptopu uone ina nafasi gani. Laptopu nyingi za kabla ya 2015 hazina nafasi ya NVMe kabisa. Mtu ananunua NVMe ya kasi, anaikuta haina pa kukaa.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wengi wanatuandikia kwamba diski inaonekana, halafu inapotea, halafu inaonekana.

FUNDI: Njaa ya umeme. Tundu la USB 2 kwa kanuni hutoa milliampu 500, la USB 3 milliampu 900. Diski ikitaka zaidi ya inachopewa, inazimika katikati ya kazi. Kwa hiyo chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye kile kigawanyiko cha matundu manne. Tumia waya mfupi uliokuja na adapta. Waya wa kuchajia simu mara nyingine hubeba umeme tu, au hubeba data polepole. Na hadidiski kubwa zile za kompyuta ya mezani, inchi 3.5, hizo zinahitaji volti 12, na USB haina volti 12. Lazima adapta yenye chaja yake ya ukutani.

MTANGAZAJI: Kaka fundi, kaa hapohapo, nitakurudia.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Tuzungumze kidogo juu ya kasi, maana inaamua kama kazi itaisha kabla jenereta ya mtaa haijazimwa. Tundu la USB 2 kwa kweli hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde. USB 3 hupitisha zaidi ya 400. Mara nyingi ulimi wa ndani wa tundu la USB 3 ni wa bluu, au kuna herufi SS pembeni. Sasa piga hesabu. Una diski yenye gigabaiti 120 za vitu. Kwa USB 2 ni karibu saa 1 nzima. Kwa USB 3, hadidiski ya zamani yenyewe ndiyo itakayochelewesha, kwa sababu inasoma kama megabaiti 90 tu kwa sekunde, na bado utamaliza kwa dakika 20 na kitu. Kama programu inanakili hadi nafasi tupu za diski ya gigabaiti 500, USB 2 itakula saa 4.

Utaona pia kwamba kununua NVMe ya kasi sana ili uitumie kwa USB ni kama kumfunga farasi kwenye mkokoteni wa maji. NVMe ndani ya kompyuta yake inaweza kusoma megabaiti 3,500 kwa sekunde. Kwenye USB 3 ya kawaida hutazidi mia nne na kitu. Hiyo kasi utaifaidi ikishaingia ndani.

Na tafadhali, mtu akikuuzia "SSD ya nje ya terabaiti 16" kwa bei ya kitenge, muache. Vitu hivyo vikifunguliwa hukutwa na kadi ndogo ya simu ndani, imefundishwa kudanganya ukubwa wake. Unajaza, inapokea, haikatai, na mafaili ya mwanzo yanafutwa kimyakimya. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw kwa Windows, na nyingine F3 kwa Linux. Hujaza diski nzima na kuisoma tena kuona kama ilichoahidi kipo. Diski yoyote ya mtumba, ipime kabla ya kuiamini na mafaili yako.

Sasa kazi yenyewe.

Kunakili mafaili kwa mkono, ile ya kuburuta folda, si kukloni. Ukiburuta folda zako zote kwenda SSD, utakuwa na mafaili, lakini SSD ile haitawasha kompyuta, kwa sababu Windows ina sehemu zake zilizofichwa za kuanzia ambazo hazionekani ukifungua diski. Kukloni huchukua vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana.

Programu ninayopendekeza ni Clonezilla. Ni ya bure, inatoka Taiwan, na faili lake ni chini ya gigabaiti 1. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri akiipakua, mtaa mzima unaweza kuitumia. Unaiandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus, na flashi hiyo itafutwa, kwa hiyo usitumie yenye nyimbo zako. Halafu unawasha laptopu kupitia flashi: kwenye Dell na Lenovo nyingi unagonga F12 mara inapowaka, kwenye HP nyingi ni F9. Kwa ndugu zangu wa Kongo na Burundi mliosoma kwa Kifaransa, Clonezilla ina Kifaransa. Chagueni pale mwanzoni, msiteseke.

Kabla ya hapo, mambo matatu ndani ya Windows. La kwanza, izime kweli. Windows za siku hizi ukibonyeza Shut down hulala nusu, na Clonezilla itakataa kuigusa diski iliyolala nusu. Shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza Shut down. La pili, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, ifungue kabisa kwanza na usubiri imalize, la sivyo siku ya diski mpya unaweza kuombwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hujawahi kuuona. La tatu ni ukubwa. Clonezilla kwa kawaida haikubali diski mpya iliyo ndogo kuliko ya zamani, hata kama ya zamani iko nusu tupu. Hadidiski nyingi ni za gigabaiti 500. SSD nyingi za bei nafuu ni za 480. Mtu anaona 500 na 480 ni jirani tu, analipa, bidhaa inasafiri kutoka Nairobi hadi Kitale hadi Lodwar hadi hapa, na inakataa kwa hizo 20. Nunua 500 au zaidi.

FUNDI: Ongeza hapo: SSD za viwanda vikubwa huja na programu yao ya kukloni, ya Windows, ambayo inaweza kupunguza sehemu ili iingie kwenye diski ndogo. Kwa hiyo aliyekwisha kununua ya 480 asilie bado.

MTANGAZAJI: Asante kaka. Basi, ndani ya Clonezilla unachagua "device-device", kisha "Beginner", kisha "disk_to_local_disk". Halafu inakuja skrini mbili zinazofanana sana. Ya kwanza inauliza source, yaani diski unayonakili kutoka. Ya pili inauliza target, diski unayonakili kwenda. Kila kitu kilichomo kwenye hiyo ya pili kitafutwa.

Hapa ndipo nitawaambia yangu.

Nilikuwa na hadidiski ya gigabaiti 500. Ndani yake mahojiano ya miaka 2 ya kazi hii ya redio, na sauti ya bibi yangu, dakika 40, akieleza jinsi tulivyovuka ziwa. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia kwenye laptopu, simu nikaiuza. Nilinunua SSD ya mtumba, nayo gigabaiti 500, imeshafomatiwa, tupu. Nikaichomeka kwa adapta. Clonezilla ikaniletea majina mawili, sda na sdb, yote 500. Nikafikiri mpya ndiyo ya pili. Laptopu ile ilikuwa imezipanga kinyume, na jina la adapta lilikuwa limekaa mahali pa jina la diski, kwa hiyo sikuitambua. Programu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikaandika y. Ikaniuliza tena. Nikaandika y tena, kwa haraka, maana umeme ulikuwa unakatwa saa 4 usiku. Kazi ikaisha kwa dakika chache, na mimi mjinga nikafurahi kwamba SSD kweli ina kasi. Ilikuwa na kasi kwa sababu haikuwa na kitu cha kunakili. Nilikuwa nimeunakili utupu juu ya bibi yangu.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Kwa hofu, niliweka Windows upya kwenye hadidiski ileile. Laiti ningeiacha bila kuigusa! Clonezilla ilikuwa imeandika kidogo tu juu yake, na iko programu ya bure, PhotoRec, inayookota mafaili kwenye diski iliyopoteza orodha yake. Niliitumia baadaye, nikiwa nimeshachelewa. Iliniletea mamia ya vipande bila majina. Ya bibi nilipata dakika 11.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, na naomba nawe ufanye. Kabla ya kufungua chochote, naandika kwenye karatasi jina la kila diski kama lilivyobandikwa juu yake, na ukubwa wake. Nikiwa bado ndani ya Windows, nafungua orodha ya diski, ile Disk Management, naangalia bila adapta, halafu nachomeka adapta na kuangalia iliyoongezeka. Kama diski zote mbili zina ukubwa sawa, naiandika ile ya zamani faili moja lenye jina la ajabu na kuhakikisha naliona lipo upande gani. Kisha kwenye Clonezilla nasoma mstari mzima kwa sauti, mtu mwingine akiwa amekaa kando yangu, tunakubaliana sote ndipo ninaandika y. Na mafaili ambayo nikiyapoteza siwezi kuyapata tena yanakuwa yamenakiliwa kwenye flashi kabla hata sijaanza.

Umeme ukikatika katikati? Usiogope. Diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi, kama umechagua vizuri. Ile mpya itakuwa nusu nusu, unaanza upya. Lakini betri ya laptopu ikiwa imekufa, usianze saa 3 usiku.

Kaka fundi, wakishamaliza?

FUNDI: Wazime kabisa. Watoe betri, au kama imo ndani, wachomoe waya wake. Waguse chuma kwanza, maana hewa yetu hapa ni kavu na mwili hubeba umeme mdogo unaoweza kuua kibao. Watoe ya zamani, waweke mpya. M.2 inaingia ikiwa imeinama kidogo, halafu unailaza na kuifunga kwa skrubu yake, usiikandamize. Kisha wawashe na diski mpya peke yake. Usiwashe zote mbili zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu sasa zina alama moja, kama watu wawili wenye kitambulisho kimoja. Windows itachanganyikiwa na kuilaza moja.

MTANGAZAJI: Na joto?

FUNDI: NVMe ndani ya kasha la USB inapata moto sana ikifanya kazi ndefu. Haiungui, inapunguza kasi yenyewe. Lakini ukiifanyia chini ya bati saa 8 mchana, utasubiri. Fanya asubuhi.

MTANGAZAJI: Nina jambo moja ambalo si la ufundi, lakini kwetu ni kubwa. Diski iliyokloniwa ina kila kitu, hata nywila ulizohifadhi, hata karatasi za kesi yako ulizopiga picha, hata ujumbe wa watu uliowaacha nyumbani ambao hawataki kujulikana. Ukimpa fundi laptopu, kaa naye mpaka amalize. Na diski ya zamani ni yako, rudi nayo nyumbani. Usiiache dukani eti imekufa. Fundi mwema hatakasirika.

FUNDI: Hatakasirika. Mimi mwenyewe nawaambia wakae.

MTANGAZAJI: Hiyo ya zamani iweke angalau mwezi mmoja kabla ya kuifuta, mpaka uone mpya imekaa sawa. Wengine wananiuliza kama wanaweza kufanya kinyume, kuhifadhi kumbukumbu kwenye SSD na kuifungia sandukuni miaka. Sikushauri. SSD hushika data kwa chaji ndogo sana, na chaji huvuja ikikaa bila umeme. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji inataka SSD ya kawaida iliyokwisha kuchakaa ishike data mwaka 1 kwenye joto la nyuzi 30. Nyumba zetu mchana hupita hapo. Ichomeke kila baada ya miezi michache, na uwe na nakala nyingine kwingine.

Swali la msikilizaji wa Kakuma 3: hana kompyuta, ana simu tu, anaweza kuchomeka diski kwenye simu? Simu nyingi za Android zinaweza, kwa kiunganishi kidogo kinachoitwa OTG. Diski iwe imefomatiwa kwa exFAT au FAT32, maana simu nyingi hazisomi ile NTFS ya Windows. Simu ikikuuliza kama ifomati, sema hapana kwanza, ujue kilichomo. Na itakula betri haraka. Kukloni kwa simu, hapana.

Sasa nirudi kwa dada wa Kalobeyei, kwa sababu mwishoni mwa ujumbe wake kuna sentensi ambayo karibu niipite. Anasema diski inatoa sauti, tk, tk, tk.

FUNDI: Aah. Huyo asikloni leo.

MTANGAZAJI: Eleza.

FUNDI: Sauti hiyo ni kichwa kinashindwa kusoma. Diski iko njiani kuondoka. Kila dakika inayowaka inapoteza. Ukikloni, programu itafika penye jeraha na kusimama, au itapiga kelele hapo saa nzima. Aizime sasa. Akiiwasha tena, iwe kwa kazi moja tu: kunakili vyeti, kazi za chuo, picha za harusi, kwa mpangilio huo, kwenye flashi. Kilichobaki tutajaribu kwa ddrescue, inayochukua penye uzima kwanza na kurudia majeraha baadaye. Windows inaweza kuwekwa upya siku yoyote.

MTANGAZAJI: Dada, umesikia. Izime usiku huu. Fundi anasema Jumamosi saa 4 asubuhi yuko dukani na adapta anayo. Njoo na laptopu, chaja, na flashi tupu. SSD usinunue bado.

Wengine wenye maswali, tuandikieni kwa namba yetu ya kawaida.

(Muziki wa kipindi upande.)